Gari Lisilo na Stata: Haibridi za Mtumba kwenye Njia ya Tabora

Fungua boneti ya Toyota Aqua utafute stata. Hutaiona, kwa sababu haikuwekwa. Tafuta alteneta, nayo haipo. Hata betri ya kawaida haipo pale mbele. Imekaa nyuma, chini ya kiti. Fundi umeme aliyejifunzia kazi kwenye Corolla na Hilux ana washukiwa watatu gari linapogoma kuwaka: betri, stata na alteneta. Kwenye Aqua wawili hawapo kabisa na wa tatu hajulikani alikofichwa. Anachokiona badala yake ni nyaya nene za rangi ya chungwa, na kichwani ana jina moja alilolisikia kwa wenzake wa Dar. Basi anamgeukia mwenye gari: "Bosi, betri kubwa imekufa hii."

Mara nyingi haijafa. Kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12, ambayo mtu akijua aina yake anaipata bila kuhangaika sana. Kati ya majibu hayo mawili kuna tofauti ya mamilioni ya shilingi, na kwa mtu wa Tabora kuna pia tofauti ya safari ya kilomita zaidi ya mia nane kulipakia gari kwenye lori na kulirudisha Dar es Salaam.

Magari haya yameshaingia. Prius, Aqua, Fielder ya haibridi, Harrier, Honda Fit na Crown yanapanda kutoka bandarini kwa barabara inayofuata, kwa sehemu kubwa, mwelekeo wa misafara ya zamani: pwani, Ugogo, Mgunda Mkali, Unyanyembe. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba. Reli ikafika 1912. Lami ilichelewa kuliko vyote. Kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85, kilizinduliwa mwaka 2022, na tangu hapo mtu anaweza kutoka Manyoni hadi Tabora na gari dogo la chini bila kuogopa masika. Barabara ikishakuwa nzuri, watu hununua magari madogo. Ukitaka dogo linalokula petroli kidogo, utakutana na haibridi tu.

Swali, basi, ni kama gari lililobuniwa kwa foleni za Tokyo linaifaa njia hii. Wapo wanaolikataa kwa hofu ya betri, na wapo wanaolisifu kwa sababu ya bei ya petroli. Nadhani pande zote mbili zinatazama mahali pasipohusika. Ili kulijibu lazima kwanza tujue gari hili linawakaje.

Ndani ya gia boksi ya haibridi ya Toyota mna mota mbili za umeme, zinazoitwa MG1 na MG2. MG2 imeungana na magurudumu. MG1 ina kazi mbili: injini ikishanguruma inakuwa jenereta, na injini ikiwa imelala inakuwa stata. Injini na mota hizo mbili zimeunganishwa na seti moja ya gia za sayari. Gia ya katikati ni ya MG1, fremu inayobeba gia ndogo zinazoizunguka ni ya injini, na pete ya nje ni ya MG2 pamoja na magurudumu. Hakuna klachi kati yao. Meno yameshikana muda wote. Magurudumu yakiwa yametulia na MG1 ikaanza kuzunguka, injini haina budi kuzunguka nayo. Stata ya kawaida huizungusha injini mara mia mbili au mia tatu kwa dakika huku ikilalamika. MG1 huifikisha karibu mara elfu moja kabla petroli haijaingia, ndiyo maana haibridi haikohoi asubuhi: inatetemeka kidogo tu, imewaka.

Nguvu ya kufanya hivyo inatoka kwenye betri kubwa. Prius ya kizazi cha pili, ya 2003, na ya kizazi cha tatu, ya 2009, zina moduli 28 za nikeli zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011, ina moduli 20, volti 144. Volti ni nyingi, lakini akiba si kubwa kama watu wanavyodhani. Betri ya Prius ikijazwa kabisa ina kama uniti 1.3 za LUKU, na kompyuta hairuhusu hata hizo zitumike zote. Inaiweka betri kati ya asilimia 40 na 80 hivi, isishibe na isiishiwe, kwa sababu nikeli inadumu zaidi ikikaa katikati. Kwa hiyo umeme ambao gari linauchezea kwa kweli ni kama nusu uniti, unaotoka na kurudi siku nzima: unatoka unapoondoka, unarudi unapofunga breki.

Gari likizimwa, betri hiyo kubwa inatengwa. Rilei zilizo kwenye boksi lake zinafunguka na nyaya za chungwa zinabaki bila umeme. Haiwezi kujifungulia mlango yenyewe. Anayeifungulia ni betri ndogo, na hapo ndipo ilipo siri yote ya kuwaka kwa haibridi. Kanyaga breki, bonyeza kitufe. Betri ndogo inaamsha kompyuta, inatambua ufunguo, inaamsha pampu ya breki. Kisha sikiliza nyuma ya kiti: utasikia mlio mdogo wa rilei, halafu mwingine. Rilei za mwanzo zinapitisha umeme kwenye kizuizi ili kapasita iliyomo kwenye inveta ijae polepole. Ingejazwa kwa mkupuo, cheche ingezichoma rilei zenyewe. Kapasita ikijaa, rilei kuu inafunga, na taa ya READY inawaka kwenye dashibodi. Injini inaweza kuwa kimya bado. Gari limeshawaka.

Betri ndogo, kwa maneno mengine, ni bawabu. Haibebi mzigo wowote mzito, lakini asipoamka yeye hakuna anayeingia.

Kutokana na hilo yanafuata mambo ambayo yanamchanganya kila aliyezoea gari la kawaida. La kwanza ni kwamba betri ndogo ya haibridi inakufa bila kutoa taarifa. Kwenye Corolla stata inaanza kuvuta kwa uvivu wiki mbili kabla, nawe unajua. Kwenye haibridi hakuna stata ya kuvuta, basi betri inachakaa kimyakimya, jana imefungua, leo haifungui. Tena haifi kistaarabu. Volti zikishuka nusunusu, kompyuta moja inaamka na nyingine inalala, zinaanza kushtakiana, na dashibodi inawaka taa zote: breki, usukani, injini, haibridi. Mtu akiona taa kumi kwa mpigo anaamini gari zima limeoza. Mahali pa kuanzia ni mita ya kawaida ya kupimia umeme. Betri iliyopumzika ikisoma kama volti 12.6 ni nzima na imejaa. Ikisoma 11 na ushee, usiongee na mtu yeyote kuhusu betri kubwa mpaka umeitengeneza hii. Gari likiwa READY usomaji unapaswa kupanda hadi karibu 14, kwa sababu badala ya alteneta kuna kibadilishaji kinachoshusha umeme wa betri kubwa na kuichaji ndogo.

La pili ni kubusti. Kwa kuwa betri ndogo haizungushi injini, haihitaji msaada mkubwa. Mtu aliyekwama kijijini Tura hahitaji gari jingine. Betri ya sola ya volti 12 kutoka kwenye nyumba ya jirani inatosha kabisa kufunga rilei, na hata ya pikipiki, ikiwa nzima, mara nyingi inatosha. Lakini msaada unaopatikana kwa urahisi kwenye barabara ile ni wa malori, na malori kama Scania yana volti 24. Dereva mwema anasimama, anatoa nyaya zake, na katika sekunde moja anaunguza kompyuta ambazo zilikuwa hazina tatizo. Hatari nyingine ni kugeuza chanya na hasi. Kwenye gari la zamani unapata cheche na aibu; kwenye haibridi unapoteza fyuzi kuu, na ukiwa na bahati mbaya unapoteza pia kibadilishaji. Na haibridi yenyewe isitumike kuyabusti magari mengine, hasa makubwa. Mfumo wake wa volti 12 haukujengwa kulisha stata ya mtu.

Kuna kichekesho kidogo kwenye Prius ya kizazi cha pili. Betri ndogo iko kwenye buti, na mlango wa buti unafunguliwa kwa umeme wa betri hiyo hiyo. Ikifa, buti halifunguki. Nimeona watu wakitaka kuvunja kioo. Watengenezaji waliliwazia: ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kuna ncha ya chanya iliyofunikwa kwa kifuniko chekundu. Unaunganishia pale, hasi unaiweka kwenye chuma cha injini, gari linaamka na buti linafunguka.

Kuwekwa ndani kwa betri hiyo ndiko kunakoleta kosa jingine la gerejini. Betri za kawaida za maji hutoa gesi ya haidrojeni na mvuke wa asidi zinapochajiwa. Mbele ya gari upepo unavichukua. Ndani ya gari vinabaki na abiria. Ndiyo maana Toyota iliweka aina iliyofungwa, yenye kimrija cha kutolea hewa nje. Fundi akikosa ile anafunga betri ya kawaida ya maji, NS60, ambayo kwa umbo inakaribia kuingia, na kimrija anakiacha kinaning'inia. Gari litawaka vizuri tu. Harufu itakuja Oktoba, joto la Tabora likipita nyuzi 32 na gari likishinda juani pale stendi.

Sasa tuigeukie betri kubwa, kwa kuwa nayo hufa kweli. Ikifa au ikiishiwa, hakuna kubusti wala kusukuma. Kusukuma gari la kawaida la gia za mkono kunafanya kazi kwa sababu magurudumu yanaizungusha injini kupitia klachi na gia. Kwenye haibridi ya Toyota ukisukuma, pete ya nje inazunguka, gia ya katikati inazunguka kinyume bila mzigo, na injini inabaki imekaa. Vijana sita wanaweza kulisukuma kutoka Ipuli hadi stesheni wasipate hata mlio.

Hapa Mgunda Mkali inarudi kwenye hesabu. Misafara iliogopa pori lile kwa sababu ya ukosefu wa maji. Mpagazi alibeba yake au alikufa kwa kiu kabla ya kutokea Tura. Kati ya Itigi na Nyahua leo tatizo ni vituo vya mafuta, vilivyo mbali kimoja na kingine. Gari la kawaida likiishiwa petroli linazima. Unatia lita tano za kidumu, unawasha, unaenda. Haibridi haizimi. Injini inakufa lakini mota inaendelea kuvuta, taa za onyo zimewaka, na dereva anajipongeza kwamba amepata kilomita mbili za bure. Si za bure. Anatumia umeme ambao ungemwashia injini baadaye. Akiendelea mpaka gari lisimame lenyewe, hata akiletewa pipa zima la petroli halitawaka, kwa sababu stata yake ni MG1 na MG1 haina cha kula. Itabidi ipatikane chaja maalumu ya betri kubwa, na chaja ya namna hiyo si kitu cha kukipata kwenye kijiji cha njiani. Kwa hiyo kanuni ya barabara ile ni kwamba injini ikikata kwa kukosa mafuta, simama palepale.

Kosa la namna hiyo hiyo linafanyika kwenye gia ya N. Dereva amesimama muda mrefu kusubiri treni ipite au foleni ya mizani isogee, kiyoyozi kinafanya kazi, gari liko N. Kwenye N mfumo hauchaji betri kubwa hata injini ikiwa inanguruma. Kiyoyozi cha haibridi kina kompresa ya umeme inayokula betri hiyo hiyo, na baada ya muda asilimia zimeporomoka. Weka P, injini itawaka yenyewe ikihitajika na kuchaji.

Kuvuta nako kuna utaratibu wake. Trekta la mkulima wa tumbaku likija na kamba, mtu anafikiri amepona. Magurudumu ya mbele yakizunguka chini, MG2 inazunguka nayo, na kwa kuwa ina sumaku za kudumu inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa, huku gia boksi ikikosa ulainishaji wake wa kawaida. Hatua chache za kuliondoa barabarani si neno. Kilomita themanini kwa kamba hadi Tabora ni jambo jingine. Hapo gari linyanyuliwe mbele au lipakiwe.

Hayo ni ya ghafla. Kinachoiua betri kubwa polepole ni joto na vumbi, na mkoa huu unavyo vyote viwili. Moduli zinapochajiwa na kutumika zinapata joto, na zile za katikati hupata zaidi kwa kuwa zimebanwa na wenzao pande zote. Kuna feni inayozipoza, na feni hiyo haivuti hewa ya nje. Inavuta hewa ya mle ndani mnamokaa abiria, kupitia tundu lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma kutegemea gari. Japani tundu lile linaona zulia safi na mtoto mwenye soksi. Huku linaona gunia la mchele, ndoo ya asali, begi la mwanafunzi anayerudi Tabora Boys, na mguu wa abiria wa tano. Likizibwa, betri inakosa hewa. Lisipozibwa, linavuta vumbi jekundu lililoingia madirishani tangu Sikonge.

Nenda utazame feni hiyo ikifunguliwa kwenye gari lililotembea miaka minne bara. Ni gurudumu dogo la plastiki lenye vibapa vingi vyembamba, na nafasi kati ya kibapa na kibapa imeziba kwa utando wa vumbi lililochanganyika na nyuzi za zulia na nywele. Utando unang'oka mzima, umeshikana kama kitambaa. Gurudumu lilikuwa likizunguka kwa bidii bila kusukuma hewa yoyote, huku moduli zikichemka. Kusafisha ni kazi ya nusu saa kwa brashi na pampu ya upepo, mara moja kwa mwaka, na sijui kazi nyingine ya bei ndogo inayoongeza umri wa betri kiasi hicho. Nyingine ni kutumia kiyoyozi bila ubahili. Wapo wanaozima kiyoyozi na kufunga vioo ili waokoe petroli. Wanaokoa mia na kuchoma milioni, maana hewa ya moto ya mle ndani ndiyo hewa ya kupozea betri.

Mongolia wanalitumia gari hili hili katika hali iliyo kinyume kabisa na yetu. Ulaanbaatar imejaa Prius za mtumba kutoka Japani, katika jiji ambalo baridi yake hupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Wanazipenda kwa sababu ya MG1: stata za kawaida zinashindwa na oili iliyoganda, hii inazungusha tu. Huko betri inateswa na baridi ambayo ni ya kupita. Madhara ya joto la kwetu hayaishi. Betri iliyochemshwa leo haiponi kukipoa.

Moduli ikichoka, kompyuta inaona tofauti ya volti kati yake na wenzake na kuandika msimbo P0A80. Fundi mwenye kifaa cha kusomea anaukuta, na sasa ana haki ya kusema betri kubwa ina tatizo. Bado si lazima iwe imekufa yote. Wakati mwingine moduli ni nzima ila vipande vya shaba vinavyoziunganisha vimepata kutu ya kijani au vimekuwa vyeusi, na usomaji umeharibika. Wakati mwingine moduli moja au mbili tu zimeanguka. Hapo linakuja jaribu la kuchomoa ile mbovu, kuweka nyingine iliyotoka kwenye betri ya gari lililopata ajali, na kufuta msimbo. Gari linaondoka linang'aa. Baada ya miezi michache linarudi na moduli nyingine imeanguka, kwa sababu uliyoweka ina uwezo tofauti na zile 27; inajaa kabla yao au inaishiwa kabla yao, na mfululizo wote unavutana. Silaumu njia hii moja kwa moja. Kwa mtu anayetaka gari litembee mpaka avune tumbaku yake inaweza kuwa sawa, mradi ameambiwa anachokinunua. Ninacholaumu ni kuuziwa kama tiba kamili.

Kazi inayofanywa vizuri inachosha kuitazama. Moduli zote zinatolewa, zinapangwa mezani, zinaandikwa namba. Kila moja inaunganishwa na taa ya mbele ya gari kwa dakika kadhaa huku mita ikisoma volti zinavyoshuka, kisha inachajiwa na kupimwa tena, mizunguko kadhaa, na mwisho zinachaguliwa zinazofanana. Zinarudishwa zikiwa zimebanwa na fremu, maana moduli ya nikeli iliyoachwa huru inavimba ikichajiwa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Anayekurudishia gari baada ya saa mbili amefanya jingine.

Na ni kazi inayoua. Volti 201 za mkondo mnyoofu zinatosha kabisa kumwangamiza mtu. Kabla ya kugusa chochote cha chungwa gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, hasi ya betri ndogo ifunguliwe, plagi ya usalama iliyo kwenye betri kubwa ichomolewe na kuwekwa mfukoni mwa anayefanya kazi, kisha watu wasubiri dakika 10 kapasita za inveta zimalizike. Glovu ziwe za umeme za volti 1,000 zisizo na tundu, si zile za kubebea matofali. Na hata plagi ikichomolewa, moduli bado zina umeme wake ndani ya boksi. Plagi inaukata mfululizo tu. Gereji isiyo na glovu hizo isiruhusiwe kufungua boksi hilo, hata fundi awe hodari namna gani.

Niliyoyaeleza ni ya Toyota, kwa kuwa ndiyo mengi. Honda za mfumo wa zamani, kama Insight na Civic, zilikuwa na mota nyembamba iliyokaa moja kwa moja kwenye krenki shafti, na nyingi zilibakiza stata ya volti 12 kama akiba, jambo ambalo kwa njia yetu ni faraja. Fit ya haibridi ya Septemba 2013 ilihamia lithiamu na gia boksi ya klachi mbili, na Honda iliirudisha mara kadhaa mwaka wa kwanza kwa marekebisho. Kwenye Nissan Note ya e-Power, ya Novemba 2016, injini haizungushi magurudumu kabisa, inachaji tu. Lithiamu ni nyepesi na inashika vizuri, lakini ikichoka haina fundi wa taa ya mbele na meza. Kwa sasa, bara, ningeshauri nikeli.

Upande wa pesa, sifa kubwa ya haibridi ni umeme inaoukusanya kwenye breki, na breki hutumika mjini. Aqua ilipotoka ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita katika kipimo cha Japani. Kipimo hicho kina kusimama na kuondoka kwingi. Manyoni hadi Tabora ni kama kilomita 260 za kwenda bila kusimama, na huko betri haina cha kukusanya. Kinachobaki ni injini ndogo isiyo na uroho. Bado itakula kidogo kuliko gari la kawaida la ukubwa wake, ila pengo si lile la foleni za Dar, Mwenge na Kariakoo. Kwa mtu wa Kanyenye, Tabora mjini, ambaye mizunguko yake ni sokoni, hospitali ya Kitete na nyumbani, na mara moja kwa mwezi Nzega, akiba ya petroli ni ya kweli lakini itachukua miaka kulipa betri kubwa moja. Hesabu yake iwe hiyo.

Umri nao unaingia kwenye hesabu. Kenya inazuia magari yaliyozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania imechagua kutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, kwa hiyo gari la miaka 12 linaingia mradi mwenyewe alipe. Kwa Corolla haina neno. Kwa haibridi ni kusema kwamba kimoja cha vitu vya gharama kubwa mle ndani kinaanza maisha ya Tabora kikiwa kimeshatumika miaka 12, kimekaa melini wiki kadhaa na bandarini wiki nyingine, na hakuna karatasi hata moja ya forodha inayotaja hali yake.

Kwa hiyo mnunuzi ajipimie. Aende yadi asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha, kwa sababu gari lililopashwa moto linaficha mengi. Apime betri ndogo kwanza. Aende na mtu mwenye kifaa cha kusomea, wala si cha kufuta misimbo tu: kinachotakiwa ni orodha ya volti za kila jozi ya moduli, 14 kwenye Prius, zikitazamwa gari likivuta kwa nguvu mlimani na likifungwa breki. Zikitembea pamoja ni nzuri. Jozi moja ikiachana na wenzake kwa volti nzima, betri imeanza safari yake ya mwisho, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Atazame tundu la hewa. Anuse buti. Aulize kama gari limewahi kuingia maji, hasa lililotumika upande wa kinamasi cha Wembere, maana betri ya Aqua iko chini ya kiti, karibu na sakafu.

Akishalinunua, alitembeze. Nikeli inapoteza chaji ikiwa imekaa tu, na betri ndogo inaliwa kidogo kidogo na kompyuta zinazosubiri ufunguo. Nusu saa kwa wiki kwenye READY inatosha kwa zote mbili, na anayesafiri kwa muda mrefu zaidi ya wiki tatu afungue hasi ya betri ndogo. Anayetaka gari la kulifunika turubai tangu Mei mpaka soko la tumbaku lifungwe, atafute Corolla yenye stata.